Bolti ya Ekzosti Haikazwi kwa Kukisia

Alfajiri, kabla boti za kwenda Kisite hazijawashwa, Shimoni huwa kimya kiasi kwamba gari likipigwa ufunguo upande wa pili wa kijiji unalisikia hadi gatini. Yapo magari ambayo yakiwashwa yangali baridi hugonga tik-tik-tik kwa dakika chache, kisha hunyamaza. Mwenye gari hufurahi, akasema injini imepata joto. Joto imepata kweli, lakini baridi sicho chanzo cha sauti ile. Ni moshi unaochomoka kati ya manifoldi ya ekzosti na injini, pale nati zilipolegea au gasketi ilipoliwa. Chuma kikipata moto hutanuka, kikauziba ufa kwa muda. Kikipoa ufa hurudi, na kila safari huuacha mkubwa zaidi, kwa kuwa moshi wa moto hulamba kingo zake.

Nina jambo moja la kusema leo, nalo ni kwamba bolti za ekzosti zikazwe kwa kipimo, sawa na bolti za ndani ya injini. Sisi tunaopanda, tunaomiliki na tunaotengeneza magari ya pwani hii ya kusini tuna sababu kubwa kuliko watu wa bara kulisisitiza hilo. Kuanzia Likoni, ukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi hadi Lunga Lunga, barabara imejaa mafundi waliobobea. Fundi akifungua silinda hedi atatafuta spana ya torki, hata ikibidi kuiazima gereji ya jirani. Atafuata mpangilio, atakaza kwa awamu, atasoma namba. Kisha spana hiyo ataifuta mafuta na kuirudisha kwa mwenyewe, na bomba la moshi atalimalizia kwa nguvu ya bega. Sababu yake si uvivu. Silinda hedi iliyokazwa vibaya humrudia ndani ya wiki moja na lawama zote. Ekzosti iliyokazwa vibaya humuumiza abiria, na abiria hajui ameumizwa na nini.

Torki ni nguvu ya mkono ikizidishwa kwa urefu wa mpini, na hupimwa kwa nyutoni-mita. Ukivuta kwa uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya spana ya sentimita 25, umetoa takriban nyutoni-mita 25. Chomeka bomba la chuma juu ya spana hiyo hadi mpini ufikie mita moja, vuta kwa uzito uleule, na sasa umetoa karibu 100. Jasho lako halikuongezeka, lakini bolti imebeba mara nne. Kwenye magari mengi ya Kijapani, bolti inayoshikwa na spana namba 12 ina unene wa milimita 8, na kwa kawaida hukazwa kati ya nyutoni-mita 20 na 25. Ya namba 14 ina milimita 10, na kiasi chake huwa kati ya 40 na 50. Kila gari lina namba zake katika kitabu cha mtengenezaji, na hizo ndizo za kufuatwa. Hizi nimezitaja ili msomaji aone jinsi bomba la mita moja linavyozidi kwa mbali kile ambacho bolti iliundwa kubeba.

Hata hivyo namba hiyo ni njia tu ya kufikia kitu kingine. Bolti inapokazwa hurefuka kwa kiasi kidogo sana, kama springi, na ule msukumo wake wa kutaka kurudi urefu wa awali ndio unaobana flanji mbili na gasketi iliyo katikati. Mvutano huo huuoni wala huugusi. Spana huupima kwa mzunguko tu, kupitia msuguano, na msuguano ni mwizi mkubwa. Kwa hesabu inayokubalika miongoni mwa wahandisi, karibu nusu ya torki unayoitia huishia chini ya uso wa nati, karibu asilimia 40 huishia kwenye hesi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayobaki kuivuta bolti yenyewe. Hiyo ni hesabu ya bolti safi iliyotoka dukani.

Sasa ilete Shimoni. Kijiji kiko ukingoni mwa bahari, mkabala na kisiwa cha Wasini. Kusi likivuma hupeperusha chembe za maji ya chumvi, nazo hutua juu ya kila chuma kilicho wazi. Gari la wachuuzi wa samaki hurudishwa nyuma hadi karibu na maji, hupakiwa masanduku ya barafu yanayovuja, na yale maji yenye chumvi na damu ya samaki hutiririka sakafuni, yakapenya chini hadi kwenye bomba na vishikio vyake. Njia ya kutoka Kanana kuja huku ilikuwa ya mashimo na vumbi kwa miaka mingi, na magari mengi yanayoitumia bado yamebeba majeraha ya mitikisiko ile. Ndani ya bomba nako kuna maji. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa mvuke ambao ukipoa unakaribia lita nzima ya maji. Safari ndefu hukausha mvuke huo. Safari fupi za gatini hadi sokoni na kurudi huuacha ugeuke maji ndani ya salensa, ukichanganyika na asidi zinazotokana na moshi, ndiyo maana salensa nyingi huanza kuoza kwa ndani huku nje zikionekana nzima.

Kutu huongeza msuguano. Fundi anakaza nati iliyoota kutu, spana inagoma, mshipa wa mkono unamwambia imefika. Kilichogoma ni kutu. Bolti haijavutika, na flanji hazijabanwa. Kesho yake fundi huyohuyo anapata bolti mpya, anaipaka grisi kwa wema ili isishike kutu tena, anakaza mpaka ahisi ugumu aliouzoea. Safari hii msuguano umepungua, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake imeingia kwenye bolti, ikavutika kupita kiasi. Itakatika shingo, au hesi zitachunika, pengine si leo bali baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa. Mkono ni uleule na hisia ni ileile, lakini matokeo yanapingana kabisa. Siudharau mkono wa fundi hata kidogo. Nasema kwamba kwenye chumvi mkono huo hupewa ushahidi wa uongo, na fundi mwaminifu huhukumu kwa ushahidi aliopewa.

Dawa yake inaanza kabla ya spana. Hesi zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Nati iliyoliwa itupwe, maana bei yake haifikii hata nauli ya Kanana. Kwenye stadi za manifoldi zitumike nati za shaba au zilizopakwa kopa pale mtengenezaji alipoziweka, kwa kuwa hazishikani na stadi kirahisi zikiungua. Na fundi akiamua kupaka ile grisi ya kopa ya kuzuia kushikana, aelewe kwamba namba ya kitabuni kwa kawaida ni ya hesi kavu, hivyo aipunguze. Wengi hushusha kati ya asilimia 20 na 30. Chuma kisichoshika kutu nacho kina tabia yake: nati na bolti za aina hiyo zikikazwa kavu kwa haraka huumana na kugandana, usizitoe tena ila kwa msumeno.

Gasketi ya zamani isirudishwe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona ikigeuzwa upande wa pili, ikapakwa silikoni, ikarudishwa. Gasketi hulala mara moja tu. Ikishabanwa na kuungua haina tena unene wa kujaza mabonde ya flanji, na hapo hata torki sahihi kabisa haiwezi kuziba moshi.

Kuna jambo la joto ambalo hata mafundi wazuri hulipuuza. Injini ya petroli ikiwa inabeba mzigo, moshi unaotoka kwenye silinda huwa na nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi. Bomba la chuma la kawaida likipanda nyuzi 400 tu hurefuka kama milimita 5 kwa kila mita. Ekzosti ya gari dogo ina mita kadhaa. Kwa hiyo kila safari ya kutoka Diani kuja Shimoni, bomba hilo hunyooka chini ya sakafu kisha hujikunja tena likipoa, huku injini nayo ikiyumba juu ya vishikio vyake. Waliounda gari walijua. Ndiyo maana wakaning'iniza salensa kwa mipira, na kwenye Toyota nyingi wakaweka kiungo cha duara kati ya manifoldi na bomba la mbele, kinachoshikwa na bolti mbili zenye springi. Bolti hizo zina bega: zikifika hapo zimefika, na kiasi cha springi kubonyea kimeshapangwa. Kazi yake ni kuacha kiungo kicheze bila kuvujisha.

Ninachokiona barabarani kinaniuma. Springi imevunjika kwa kutu, fundi anaitupa, anaweka bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, anaikaza mpaka kiungo kinakuwa kipande kimoja na bomba. Kwa siku chache gari ni kimya na mteja anashukuru. Halafu mitikisiko ambayo kiungo kilikuwa kikiimeza inahamia kwenye manifoldi, na manifoldi ya chuma cha kalibu haijui kupinda. Inapasuka. Mteja anaambiwa gari lake ni bovu, akanunue manifoldi ya mtumba.

Manifoldi yenyewe ina utaratibu wake: gari liwe limepoa kabisa, nati zote zishikishwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, mpaka namba ya mwisho. Anayeanza pembeni huikunja manifoldi kidogo, na mkunjo huo ndio ufa wa kesho. Mabomba ya nyuma nayo yaning'inizwe yote yakiwa yamelegea, yanyooshwe yasiguse sakafu wala ekseli, ndipo yakazwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kukaza kimoja kimoja kadiri unavyofunga ni kulilazimisha bomba likae kwa shari, na bolti zitatumia maisha yao yote zikipigana nalo.

Kwa nini nayasema haya kwenye gazeti linalosomwa na watu ambao wengi wao hawatashika spana maisha yao yote? Kwa sababu ya kiti cha mbele. Kwenye matatu zetu, ziwe Hiace au Caravan, kiti cha mbele karibu na dereva ndicho kinachogombewa. Hupewa mzee, mama mjamzito, mgeni wa heshima. Na injini ya magari hayo imekaa chini ya kiti hicho. Kati ya manifoldi na nyonga za abiria kuna kifuniko cha bati na mpira wa kuzibia ambao katika magari mengi umeshakauka au haupo. Manifoldi ikivuja, tunayempa heshima ndiye wa kwanza kuvuta moshi.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri koo. Ikiingia mapafuni hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na damu ikawa inazunguka bila kubeba kilichohitajika. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu wa ghafla. Nani hapa Kwale akishuka garini na dalili hizo hatafikiria malaria kwanza? Atapita dukani anunue dawa, alale, aamke nafuu, aamini dawa imemtibu, kumbe ni hewa safi. Ishara ya kuitambua ipo: abiria zaidi ya mmoja wakilalamika kichwa katika gari moja, na wote wakipata nafuu baada ya kushuka, gari ndilo linalougua. Anayeonyesha dalili hizo kwa nguvu, au anayesinzia asiamke vizuri, apelekwe hospitali ya Msambweni bila kungoja, na daktari aambiwe habari ya gari.

Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini moshi wake una masizi, na mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu pasipo shaka. Dereva wa Hiace ya dizeli inayovujisha huketi juu ya moshi huo kutwa nzima, mwaka mzima. Nani ampimie mapafu?

Ipo hali moja ninayoiogopa kuliko zote, nayo ni Probox ya samaki wakati wa masika. Sanduku la barafu limezidi urefu, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ukiwa wazi nusu, vioo vya pembeni vimepandishwa kwa sababu ya mvua, na ndani kuna wachuuzi wanne. Gari likienda mbio hewa huzunguka nyuma yake na kunyonywa ndani kupitia mlango ule. Ikiwa salensa imetengana na bomba chini ya sakafu, moshi haufiki hata mwisho wa gari, unaishia chini ya mlango ulio wazi na kuingia. Wenye gari hilo wasingoje ushauri wa gazeti: wateremshe vioo hata kama watalowa, na kesho walipeleke kwa fundi.

Mtu ataniambia kwamba gari lina katalitiki ya kusafisha moshi. Iliyo nzima hufanya kazi hiyo vizuri, na imeweza kudumu kwenye magari yetu tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa nchini katikati ya muongo wa 2000. Lakini moshi unaovujia kwenye manifoldi haujaifikia. Unatoka mbichi. Tena ufa ulio mbele ya sensa ya oksijeni hunyonya hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, sensa ikadhani injini ina njaa ya mafuta, kompyuta ikaongeza petroli. Mwenye gari analipa zaidi kituoni ili atoe sumu zaidi, na katalitiki iliyobaki inaungua kwa mafuta yasiyohitajika. Ambao katalitiki zao zilikatwa na kuuzwa kwa ajili ya madini yaliyomo, hao hawana hata kinga ya kupoteza.

Najua jibu la mafundi, nimelisikia mara nyingi. Husema, "Mzee wangu, mkono huu umefunga magari tangu hujanunua lako." Wengine huongeza kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo naiheshimu, lakini hapa naikataa. Mkulima anayelima shamba lake akikosea jembe huvuna kidogo. Fundi wa ekzosti hulima shamba la wengine, na mavuno yake huingia mapafuni mwao. Wana haki ya kumtaka achague jembe.

Isitoshe, kifaa chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya mikono yenye uzoefu. Anayepewa sifa ya kubuni spana ya torki ni Conrad Bahr, aliyekuwa katika idara ya maji ya jiji la New York mwaka 1918. Kilichomsumbua kilikuwa flanji za mabomba ya chini ya ardhi, ambazo wafanyakazi walikuwa wakizikaza kupita kiasi. Watu wale hawakuwa wanagenzi. Walikuwa na nguvu na mazoea, na hayo mawili ndiyo yaliyoharibu flanji. Ekzosti ni bomba lenye flanji, na tatizo ni lilelile.

Kwa fundi ambaye bado hana spana hiyo, kuna njia ya kuufundisha mkono kwa gharama ya maji tu. Funga kichwa cha bolti safi kwenye jiriwa, bolti ikiwa imelala, tia washa na nati, weka spana ikiwa imelala mlalo, iongeze urefu kwa bomba, kisha ning'iniza mtungi wa lita 5 uliojaa maji sentimita 50 kutoka katikati ya bolti. Lita 5 za maji ni kilo 5, na kwa umbali huo hutoa takriban nyutoni-mita 25. Mtungi wa lita 10 hutoa karibu 49. Uzito wa mtungi wenyewe na wa mpini huongeza kidogo, na mpini ukiinama hesabu hupungua, kwa hiyo urudishwe mlalo kila mara. Uache uzito ukaze nati mpaka isimame, weka alama ya rangi, fungua, kisha ukaze kwa mkono hadi alama ileile na uikumbuke hisia yake. Fundi anayefanya hivyo asubuhi moja atashangaa jinsi nyutoni-mita 25 zilivyo chache, na ni mara ngapi amezipita kwa mbali. Hilo ni zoezi la kuuelimisha mkono, halichukui nafasi ya kifaa chini ya gari ambako hakuna nafasi ya kuning'iniza chochote, na halibadilishi ukweli kwamba kutu itaendelea kuudanganya.

Upande wa serikali, tumeonyesha kwamba tunaweza kupima. Kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilipima mwendo wa matatu hadi kilomita 80 kwa saa na kuhesabu mikanda ya viti. Magari ya abiria na ya mizigo hukaguliwa kila mwaka chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Kanuni za ubora wa hewa za 2014 ziliweka mipaka ya moshi wa magari. Shida ni kwamba kipimo cha moshi huchomekwa kwenye mwisho wa bomba. Moshi uliovujia njiani haufiki huko, na hewa safi inayonyonywa kwenye ufa huuchujua ule uliofika. Gari linalomlisha sumu abiria wa mbele laweza kuonekana safi nyuma. Mkaguzi anayetaka ukweli aingie chini na tochi, aangalie madoa meusi ya masizi kwenye viungo, azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi injini ikiwashwa, na asikilize moshi unatokea wapi.

Lakini sioni sababu ya kungoja Nairobi. Tangu 2014 mwendeshaji wa magari ya abiria hutakiwa kuwa ndani ya chama (sacco) au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sacco ya magari 30 haishindwi kununua spana mbili za torki, ndogo na kubwa, ikaziweka ofisini stendi ya Ukunda au Likoni, na mafundi wake wakaziazima kwa saini kama wanavyoazima jeki. Chombo hicho kihifadhiwe kikiwa kimelegezwa hadi kipimo cha chini, kisitumike kufungulia nati, na kihakikiwe kila mwaka. Vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe ekzosti kwa kipimo hichohicho vinavyofundishia injini, na mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, uwaulize vijana kuihusu.

Na walimu tunao. Uchimbaji wa madini wa Base Titanium hapa Kwale ulisimama Desemba 2024, na mafundi wa mitambo mizito waliofanya kazi huko wamerudi vijijini kwao. Katika mitambo ya aina hiyo, bolti iliyokazwa kwa torki huwekewa mstari wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye flanji, ili atakayepita baadaye aone kwa jicho kama imesogea. Kopo dogo la rangi ya kucha linatosha kuifanya desturi hiyo kwenye kila matatu ya pwani. Kondakta mwenyewe, asiyejua lolote la ufundi, ataweza kuinama asubuhi na kuona mstari umevunjika.

Mteja naye ana sehemu yake, na mimi nikiwa mteja nimeanza kuitimiza. Kabla ya kukubaliana bei namuuliza fundi: gasketi ni mpya? Nati ni mpya? Utakaza kwa namba gani? Akinijibu kwa namba, namlipa anachotaka bila kuteta, kwa sababu muda wa kusugua hesi na kusoma kitabu ni kazi, na kazi ya kimya huwa ndiyo tunayoidhulumu kwa kuomba kupunguziwa. Namuomba aiandike namba ile kwenye risiti pamoja na tarehe, kisha baada ya kilomita mia kadhaa namrudishia gari likiwa limepoa, azihakiki bolti zote kwa spana ileile.